Kubwaga Moyo: Imani, Shaka na Utulivu wa Nafsi katika Huduma ya Afya

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza kutofautisha huzuni ya kawaida, mgogoro wa kiimani na ugonjwa wa sonona. Ataweza pia kueleza ni wakati gani imani humtuliza mtu na ni wakati gani humwelemea, na kumsaidia mgonjwa mwenye imani, mwenye shaka au asiyeamini bila kumhukumu. Somo limeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa zahanati na vituo vya afya, viongozi wa dini, na kila mwanafamilia anayemuuguza mtu aliyepoteza utulivu wa moyo.

Utangulizi

Jina la Bagamoyo lina maelezo mawili yanayosimuliwa sana katika pwani yetu. Kwa maelezo ya kwanza, ni neno la wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu: baada ya miezi ya kutembea kutoka bara, mtu alifika ufukweni, akatua mzigo, akabwaga moyo, yaani akapumzika. Kwa maelezo ya pili, ni neno la mateka aliyeletwa kuuzwa: alipoiona bahari alitambua kwamba hatarudi kwao tena, akabwaga moyo, yaani akakata tamaa. Somo hili halihitaji kuamua ni maelezo yapi yaliyo sahihi. Linalotuhusu ni kwamba tendo moja limebeba maana mbili zinazopingana, unafuu na kukata tamaa.

Imani juu ya Mungu nayo iko hivyo katika maisha ya wagonjwa. Wapo wanaomwachia Mungu mzigo wao wakapata usingizi. Wapo pia wanaokesha kwa sababu ya Mungu huyohuyo, wakijiuliza wamekosa nini hata akawatupa. Na wapo, wachache lakini wapo, wasioamini kabisa, ambao huishi na siri hiyo peke yao.

Katika kata kama Mkange, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, karibu kila mgonjwa anayeingia zahanati huja na ugonjwa wake pamoja na maelezo ya kiimani kuhusu ugonjwa huo. Maelezo hayo yanaweza kumfikisha kwenye tiba mapema au kumchelewesha hadi maisha yawe hatarini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mamia ya mamilioni ya watu duniani wana sonona, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya asilimia 75 ya wenye matatizo hayo hawapati matibabu. Uhaba wa wataalamu ni sababu moja ya pengo hilo. Sababu nyingine, inayotuhusu leo, ni dhana kwamba anayepoteza utulivu wa moyo amepungukiwa na imani, na kwa hiyo hana haja ya daktari bali ya toba.

Ufafanuzi wa istilahi

Utulivu wa nafsi si hali ya kutokuwa na huzuni. Mfiwa hulia, mkulima aliyekosa mvua huhangaika, na mzazi wa mtoto mgonjwa hukosa usingizi. Hao wote si wagonjwa wa akili. Utulivu ni uwezo wa kuipokea dhiki, kuipa maana, na kuendelea na kazi, upendo na matumaini.

Imani, kwa muktadha wa somo hili, ni kumkubali Mungu na kumtegemea. Ina sehemu tatu ambazo hatuna budi kuzitenganisha: yale ambayo mtu anayakubali akilini, ibada na desturi anazozitenda, na jamaa ya waumini anaoishi nao. Mtu anaweza kuwa na sehemu moja akakosa nyingine.

Shaka ni hali ya kutokuwa na uhakika. Mtu mwenye shaka hajaikana imani; mara nyingi ndiye anayeihangaikia zaidi. Ukanaji ni msimamo wa kutoamini kwamba Mungu yupo. Shaka na ukanaji si dalili za ugonjwa wa akili, na hakuna kitabu cha uainishaji wa magonjwa kinachoviorodhesha hivyo.

Sonona ni ugonjwa. Dalili zake kuu mbili ni huzuni nzito na kupotewa na raha au hamu ya mambo aliyoyapenda mtu, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Huambatana na kuvurugika kwa usingizi na hamu ya kula, uchovu, kushindwa kukaza fikra, kujiona hafai, hisia za hatia zisizolingana na kosa lolote, na mawazo ya kifo.

Tazama dalili mbili kati ya hizo kwa makini, kwa kuwa ndizo zinazowachanganya waumini. Ya kwanza ni kupotewa na raha. Mgonjwa aliyezoea kupata faraja katika sala husema kwamba sasa sala ni maneno matupu. Huona kuwa imani yake imekufa. Lakini ukimuuliza zaidi, utagundua kwamba chakula nacho hakina ladha, ngoma haimvuti, na hata kicheko cha mjukuu hakimgusi. Kilichopungua ni uwezo wa kuhisi raha na faraja kwa ujumla wake, na sala imepungukiwa pamoja na mengine yote. Ya pili ni hatia. Ugonjwa huu humfanya mtu achimbue makosa ya miaka thelathini iliyopita na kuyakuza hadi aone hakuna msamaha unaoyatosha. Muumini huitafsiri hatia hiyo kuwa ni sauti ya Mungu, ilhali ni dalili inayotibika kama homa inavyotibika.

Imani na jamaa katika pwani ya Bagamoyo

Historia ya eneo letu inatufundisha jambo ambalo tafiti zililithibitisha baadaye. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni mjini Bagamoyo, wakawakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Katika miaka ya 1880 kazi yao ilikuwa imefika Mandera, katika nchi ya Wazigua. Upande wa Waislamu, tarika ya Kadiria ilistawi Bagamoyo chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Yeye mwenyewe alizaliwa mashariki ya Kongo na kuletwa pwani akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika, na baada ya utawala wa Wajerumani kuondoka akawa liwali wa mji. Alifariki mwaka 1931.

Watumwa waliokombolewa na wafuasi wengi wa mwanzo wa tarika walikuwa na hasara moja ya pamoja: walikuwa wamekatwa kutoka katika koo zao. Hawakuwa na mjomba wa kuwasemea wala makaburi ya wazee wao. Misheni na tarika ziliwapa mafundisho juu ya Mungu, na pamoja na mafundisho hayo ziliwapa jina, ndugu, mahali pa kukaa katika safu, na watu wa kuwazika. Hatuwezi kutenganisha utulivu walioupata kwa Mungu na utulivu walioupata kwa kuwa na watu.

Hali hiyo ingali hai leo. Kwa Wazigua, Wadoe na Wakwere wa eneo hili, jina Mulungu lilikuwapo kabla ya msikiti na kanisa, na tambiko la wazee halijasahaulika. Mtu wa Mkange akifiwa, majirani hukaa matanga, husoma hitima au hufanya ibada ya maziko, huchanga, hupika na kulala na wafiwa. Akiugua, ni jumuiya ya kanisani au wenzake wa msikitini wanaotafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Mahali ambapo bima na huduma za ustawi wa jamii hazijawafikia wote, nyumba za ibada zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Tafiti zinaonyesha nini

Mwaka 2003 Smith, McCullough na Poll walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 147 zenye washiriki karibu 99,000 kuhusu udini na dalili za sonona. Walipata kwamba wenye udini zaidi walikuwa na dalili chache zaidi, lakini uhusiano huo ulikuwa mdogo: kipimo cha uwiano kilikuwa karibu hasi 0.1. Kwa lugha nyepesi, tofauti za udini zilieleza takriban asilimia 1 tu ya tofauti za dalili baina ya watu. Uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwa watu waliokuwa katika dhiki kubwa. Ni faida ya kweli, lakini haitoshi kumfanya mtu yeyote aseme kuwa muumini hapati sonona, au kwamba aliyeipata hakuwa muumini.

Hata uhusiano huo mdogo unahitaji tahadhari. Mgonjwa wa sonona hushindwa kuamka, kuoga na kutoka nyumbani, hivyo huacha pia kwenda kwenye ibada. Tukiwapima waliopo msikitini au kanisani tutawakuta na afya njema, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wamebaki vitandani.

Utafiti wa pili unahusu nchi mbalimbali. Mwaka 2011 Diener, Tay na Myers walichambua takwimu za mataifa mengi na kuonyesha kwamba katika nchi zenye maisha magumu, watu wenye dini walikuwa na hali bora zaidi ya nafsi kuliko wasio na dini. Katika nchi zenye usalama na kipato kizuri, tofauti baina ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo au haikuonekana. Sehemu kubwa ya faida ya dini ilipitia katika msaada wa watu, heshima na maana ya maisha. Mahali ambapo mtu anapata mambo hayo kwa njia nyingine, asiyeamini naye huishi kwa utulivu.

Utafiti wa tatu ni onyo. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa takriban miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi nchini Marekani, waliokuwa wamelazwa hospitalini. Waliokuwa wakiwaza kwamba Mungu amewaacha, waliotilia shaka upendo wake kwao, au walioamini kwamba ugonjwa wao umeletwa na shetani, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 19 hadi 28, hata baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa na hali ya akili. Watu hao walikuwa waumini. Imani yao ndiyo iliyokuwa imegeuka kuwa jeraha.

Tukiziweka tafiti hizi pamoja, somo moja linajitokeza. Jibu la mtu kwa swali la kuwapo kwa Mungu halitoshi kutuambia iwapo atakuwa na utulivu. Yapo maswali mengine matatu yenye uzito: Je, anachokiamini kinampokea au kinamshutumu? Je, yuko na watu au yuko peke yake? Na je, ana ugonjwa unaohitaji tiba?

Imani inapotuliza na inapoelemea

Imani hutuliza inapompa mtu maana, subira, watu na mpangilio wa siku. Sala tano, ibada ya asubuhi, saumu na sikukuu huigawa siku na mwaka, na mpangilio huo ni dawa kwa mtu ambaye ugonjwa umemvurugia muda. Msamaha unaotangazwa na dini humpunguzia mtu hatia halisi ya kosa alilolitenda.

Imani huelemea katika hali tatu. Kwanza, pale ugonjwa unapotafsiriwa kuwa adhabu. Pili, pale mgonjwa anapoambiwa kwamba angekuwa na imani ya kutosha angepona. Maneno hayo humwongezea mgonjwa wa sonona hatia juu ya hatia. Tatu, pale anapotakiwa kuthibitisha imani yake kwa kuacha dawa. Mgonjwa wa kifafa, wa virusi vya UKIMWI au wa skizofrenia anayeacha dawa ili kuonyesha kuwa ameponywa huhatarisha uhai wake, na akizidiwa hulaumiwa tena kwamba alikuwa na shaka.

Hali ya asiyeamini

Katika jamii ambayo salamu, viapo, misiba na harusi vyote humtaja Mungu, kusema kwamba huamini ni jambo zito. Anayefikia msimamo huo kwa kawaida hunyamaza. Huenda kwenye ibada kama kawaida, huinua mikono pamoja na wengine, na hurudi nyumbani akijiona mwongo. Akisema wazi, anaweza kuvunja ndoa, kukosa urithi au kumtia mama yake machozi ya miaka.

Mtu kama huyo akija kliniki akiwa na wasiwasi au sonona, tusifanye haraka kuhitimisha kwamba kutoamini ndiko kulikomuumiza. Mwaka 2011 Galen na Kloet walichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba watu wenye uhakika, wa kuamini au wa kutoamini, walikuwa na hali nzuri ya nafsi kuliko waliokuwa katikati bila uhakika. Kwa watu wetu naongeza jambo ambalo kila mkazi wa kijijini analifahamu: anayetoka katika imani ya jamaa yake hupoteza kwa mkupuo mmoja wale wanaouguza, wanaochanga na wanaozika. Upweke ni hatari inayojulikana kwa afya ya akili ya mtu yeyote. Huenda basi maumivu yake yanatoka katika kuwa peke yake na katika kuficha, wala si katika jibu alilofikia.

Kwa upande mwingine, tusidhani kwamba kila kijana anayesema haamini tena ni mwanafalsafa. Mabadiliko ya ghafla ya imani, kwa upande wowote, yakiandamana na kukosa usingizi, kusikia sauti, kuongea kupita kiasi au kujitenga, yanahitaji uchunguzi wa daktari. Kigezo si imani yenyewe. Kigezo ni mabadiliko ya usingizi, mwenendo, kazi na mahusiano.

Mafunzo kutoka visa viwili vinavyojulikana

Wasomaji wetu wengi wanavijua visa hivi. Katika Biblia, nabii Elia alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Katika Qur'ani, Maryamu aliposhikwa na uchungu wa uzazi, peke yake kwenye shina la mtende, alitamani kwamba angekuwa amekufa kabla ya siku hiyo.

Hakuna shaka juu ya imani ya wawili hao, na wote walifika mahali pa kutamani kifo. Basi mawazo ya kifo si kipimo cha ukafiri. La pili linamfurahisha daktari yeyote: hakuna aliyekaripiwa. Elia aliachwa alale, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale tena. Mazungumzo kuhusu kazi yake yalifuata baadaye sana. Maryamu alielekezwa kwenye maji yanayopita chini yake na tende mbivu za kula, akaambiwa atulie. Usingizi, chakula, maji na sauti ya upole vilitangulia mafundisho. Mpangilio huo ndio tunaoufundisha hata leo kwa mtu aliye katika dhiki kali.

Kazi ya mhudumu wa afya

Mhudumu asihubiri, asibishane na asikwepe. Aulize kwa heshima, kisha asikilize. Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya somo. Muuguzi kijana anazungumza na mkulima mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umesema usingizi umekata tangu kabla ya mavuno. Pole sana. Mambo yanapokuwa mazito hivi, huwa unapata nguvu wapi, mzee wangu?"

"Zamani nilikuwa nakwenda msikitini. Siku hizi siendi. Nikiinua mikono, moyo mkavu. Nadhani Mungu amenichoka."

"Wazo hilo ni zito kulibeba peke yako. Lilianza kabla ya usingizi kukatika, au baadaye?"

Mzee anafikiri. "Baadaye. Usingizi ulitangulia."

"Na chakula? Na kahawa ya barazani na wenzako?"

"Vyote vimekufa, mwanangu."

"Mzee, wapo watu ambao wakifika hapo huona heri wafe. Wewe umewahi kuwaza hivyo, au kufikiria kujidhuru?"

"Kufa nimekuwaza. Kujidhuru, bado."

Muuguzi huyu hakumwambia mzee kwamba Mungu hajamchoka, wala hakumwambia kuwa mawazo hayo ni ya kitoto. Aliuliza mfuatano wa dalili, akagundua kwamba usingizi ulitangulia na wazo la kutupwa likafuata. Aliuliza kuhusu raha nyingine, akaona kwamba ukavu haukuwa wa sala peke yake. Kisha aliuliza kuhusu kifo waziwazi. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulisema. Jibu la "bado" lisichukuliwe kijuujuu. Mgonjwa huyo asiachwe peke yake siku hiyo, familia ishirikishwe kwa ridhaa yake, na sumu za kuulia wadudu wa shambani ziondolewe nyumbani. Apelekwe kwa ngazi ya juu: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya Tumbi, Kibaha, au Muhimbili.

Kwa asiyeamini, maswali ni yaleyale, na neno "nguvu" linamfaa kama linavyomfaa muumini. Siri yake ni siri ya kitabibu: isifike kwa mzazi, shehe wala padri bila idhini yake. Mhudumu asimsilimishe, asimbatize, wala asimpongeze.

Tiba hazibagui. Dawa za sonona, kama vile fluoksetini, huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili hadi nne au zaidi, kwa muumini na asiyeamini. Tiba ya mazungumzo nayo imethibitika hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2003 Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, Uganda. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo, wanachama wakijadili misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya washiriki wa vikundi walikuwa na vigezo vya sonona. Baada ya tiba walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata tiba hiyo, kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Mtu hakutakiwa kubadili imani yake ili apone. Alitakiwa kukaa na wenzake na kusema.

Kazi ya viongozi wa dini na waganga

Utafiti wa Ngoma, Prince na Mann, uliochapishwa mwaka 2003, uliwapima wagonjwa jijini Dar es Salaam. Asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliokwenda kwenye kliniki za afya ya msingi. Watu wenye dhiki ya nafsi huwatafuta kwanza wale wanaozungumza nao kuhusu maana ya yaliyowapata. Kwa hiyo shehe, mchungaji, padri na mganga wanakutana na wagonjwa wetu kabla yetu, na ni busara kuwa na mawasiliano nao.

Tunawaomba mambo matatu. Mtu akikaa na huzuni au kukosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, mwombeeni na mumpeleke zahanati siku hiyohiyo. Asiambiwe aache dawa. Na asifungwe, asipigwe wala kunyimwa chakula kwa jina la maombezi au uganga. Wanaofunga Ramadhani waje kliniki kabla ya mwezi kuandama: dawa nyingi za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, lakini wanaotumia litiamu wanahitaji uangalizi wa karibu kwa kuwa upungufu wa maji huongeza kiwango cha dawa hiyo katika damu.

Dini zetu hazipingani na haya. Waislamu wanafundishwa kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mungu, na Kitabu cha Yoshua bin Sira, kinachosomwa na Wakatoliki, kinamtaka mtu amheshimu tabibu.

Hitimisho

Swali la kuwapo kwa Mungu si la daktari kulijibu. La daktari ni kuhakikisha kwamba mtu hafi kwa ugonjwa unaotibika kwa sababu yeye au jamaa yake wameuita dhambi. Sonona si ushahidi wa imani haba, na utulivu si cheti cha uchamungu. Muumini aliyekauka moyo huenda anahitaji usingizi, dawa na rafiki kabla ya mahubiri. Asiyeamini anahitaji vivyo hivyo, na zaidi anahitaji mtu mmoja ambaye mbele yake hana cha kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tuhakikishe kwamba hakuna mtu wa Mkange anayelazimika kuficha maradhi ya nafsi kwa kuogopa kuhesabiwa kafiri.

Maswali ya kujadili

1. Utamtofautishaje mtu aliyepoteza raha ya ibada kwa sababu ya sonona na yule anayepitia mgogoro wa kiimani bila ugonjwa?

2. Eleza hali tatu ambapo imani humwelemea mgonjwa, na utoe mfano wa kila moja kutoka katika jamii yako.

3. Kijana anakuambia kwa siri kwamba haamini tena, na kwamba hapati usingizi. Ni maswali gani utamuuliza, na ni mambo gani hutayasema?

4. Katika kijiji chako, ni nani anayeweza kuanzisha mawasiliano kati ya zahanati na nyumba za ibada, na mkutano wa kwanza ungejadili nini?